Maswali tunayoulizwa kuhusu vikopo, pilau na minada ya klabu yetu

Tukiweka meza mbele ya duka, au tukiomba nafasi ya kutangaza baada ya ibada, maswali huwa ni yale yale. Wengine wanauliza kwa upole, wengine kwa jicho la pembeni, na wote wana haki. Anayejibu hapa ni mweka hazina, kwa sababu swali likianzia popote, mwisho wake huwa ni pesa.

Ninyi ni akina nani?

Ni klabu mojawapo ya Lions, klabu za kujitolea kwa kazi za hisani, hapa Moshi. Humo kuna walimu, wenye maduka, muuguzi mstaafu, mwanasheria, fundi magari na mama mmoja mwenye mgahawa ambaye bila yeye pilau yetu isingenunuliwa mara mbili. Hakuna anayelipwa mshahara na klabu. Viongozi huchaguliwa kwa mwaka mmoja, unaoanza tarehe 1 Julai na kwisha 30 Juni, sawasawa na mwaka wa fedha wa serikali.

Klabu za Lions zilianzia Chicago, Marekani, mwaka 1917. Wakala wa bima aitwaye Melvin Jones aliona vyama vya wafanyabiashara vya wakati ule vinakutana, vinakula, vinapeana wateja, basi. Akataka viangalie pia watu walio nje ya ukumbi. Habari ya macho iliingia mwaka 1925, pale Helen Keller, mwanamke asiyeona wala kusikia, aliposimama mbele ya mkutano wao huko Ohio na kuwaomba wawe askari wa kupigania wasioona. Ombi lile limetufikia hadi Kilimanjaro: sehemu kubwa ya tunachokusanya inakwenda kwenye miwani, upimaji wa macho shuleni na safari za wagonjwa wa mtoto wa jicho.

Mna uhusiano gani na Simba SC?

Hatuna. Tatizo linazidi kwa kuwa jina letu ni simba na vizibao vyetu ni vya njano, kwa hiyo tunatukanwa na pande zote mbili. Mimi mwenyewe ni Yanga. Kopo linapokea pesa ya timu yoyote.

Watu wanasema ninyi ni Freemason. Ni kweli?

Swali hili linakuja kwa kunong'ona, kwa kawaida baada ya mtu kuwa ameshakula pilau. Jibu ni hapana. Klabu haina ibada wala kiapo cha siri, haina mambo ya damu, na haimtajirishi mtu. Mikutano yetu ni ya kuchosha kama mikutano ya kamati yoyote ya harusi: mihtasari, yatokanayo, nani kachelewa. Ukitaka kuja kama mgeni, mwambie mwanachama yeyote.

Tusifiche jambo moja ambalo wajuaji hulitoa mfukoni: Melvin Jones binafsi alikuwa mwanachama wa Freemason kule Chicago, kama walivyokuwa wanaume wengi wa biashara wa zama zake. Klabu aliyoianzisha ni chombo kingine. Katika klabu yetu kuna Wakatoliki, Walutheri, Waislamu na Wahindu, na kanuni zetu zinakataza mabishano ya vyama vya siasa na ya madhehebu ndani ya mkutano. Ukiniuliza mimi, kanuni hiyo ndiyo imetufikisha hapa bila kugawanyika.

Nikitumbukiza shilingi elfu moja kwenye kopo, klabu inabaki na ngapi?

Haibaki na kitu. Hili ndilo swali kubwa kuliko yote.

Klabu za Lions zina kanuni moja ambayo mweka hazina anaikuta siku ya kwanza: pesa iliyotoka kwa umma inarudi kwa umma. Kwa hiyo tuna akaunti mbili. Ya kwanza ni ya uendeshaji. Humo zinaingia ada za wanachama, na humo ndimo tunalipia ukumbi, karatasi, ada ya kimataifa, shada tukifiwa na mwenzetu. Ya pili ni ya shughuli za hisani. Humo inaingia pesa yenu: ya kopo, ya pilau, ya mnada, ya matembezi. Pesa ya akaunti ya pili haivuki kwenda ya kwanza, hata kwa mkopo wa wiki moja, hata kama ukumbi unatudai na mwenye ukumbi kasimama mlangoni.

Kinyume chake kinaruhusiwa. Wanachama wakitaka kutoa ziada ya ada zao kwenye hisani, ni hiari yao.

Watu wanafikiri wizi wa michango unafanywa na mtu mbaya aliyepanga. Kwa ninavyoona mimi, mara nyingi unaanza na mtu mwema aliyeazima. Alichukua elfu ishirini ya mafuta kwa ajili ya kazi ya klabu, risiti ikapotea, kisha ya vocha, kisha chakula cha wageni. Mwaka ukiisha hakuna anayejua, naye mwenyewe hajui. Akaunti mbili zinamwokoa mtu huyo kabla hajaanza.

Basi soda na vitafunwa vya mikutano yenu nani analipia?

Sisi wenyewe, kwa ada na kwa faini. Ndiyo, faini. Kila klabu ya Lions ina mtu ambaye kazi yake ni kuwatoza wenzake: umechelewa, toa, simu imeita, toa, gari jipya hukulitangaza, toa mara ya pili. Kanuni zinamwekea mipaka: kiwango cha juu kinapangwa na kamati, mtu hatozwi zaidi ya mara mbili kwenye mkutano mmoja, na yeye mtoza faini hawezi kutozwa mpaka waliohudhuria wote wakubali kwa kauli moja. Imewahi kufikiwa kauli moja. Makofi yalisikika hadi barabarani.

Na gharama za kuandaa hiyo pilau, mnazitoa wapi?

Gharama za moja kwa moja za shughuli zinaruhusiwa kutolewa kwenye mapato ya shughuli hiyo hiyo. Lazima ziwe ni zake kweli: mchele, nyama, mkaa, viungo, sahani. Chukua mfano. Tumeuza sahani 120 kwa shilingi 5,000, jumla 600,000. Vitu vya jikoni vimekula 280,000, na kila kimoja kina risiti au, kama ni sokoni Mbuyuni ambako risiti ni ndoto, karatasi yenye jina la kitu, kiasi, bei na sahihi za watu wawili walionunua pamoja. Inabaki 320,000, nayo inakwenda akaunti ya hisani. Mwanachama aliyekula amelipa 5,000 kama mwingine. Aliyepika amelipa pia, jambo ambalo wapishi walilipinga na bado wanalipinga.

Tunapendelea kuomba vitu kuliko kuvinunua. Mwenye duka anayesita kutoa elfu hamsini taslimu atakupa gunia la mkaa bila kufikiri mara mbili, na gunia halina namna ya kupotelea mfukoni.

Kwa nini msiandike andiko kwa wafadhili wakubwa mkaachana na hizi sarafu?

Tunaandika pia. Lions wana mfuko wao wa kimataifa, ulioanzishwa mwaka 1968, na klabu inaweza kuomba ruzuku. Lakini andiko linataka miezi, bajeti, barua tatu na mtu anayejua kulijaza. Pesa ndogo ina kazi ambayo pesa kubwa haiiwezi.

Chukua mtoto wa jicho. Lenzi ya asili ya jicho imepata ukungu. Daktari anaitoa na kuweka ya bandia, mara nyingi kwa ganzi ya jicho tu, mgonjwa akiwa macho. Tunayo bahati ya kuwa na KCMC hapa hapa, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971 na yenye idara ya macho inayohudumia Kanda ya Kaskazini. Kambi za upasuaji wa bure nazo hutangazwa. Sasa nenda kijijini kule Upareni, juu mlimani, ukamwambie bibi upasuaji ni bure. Atakuuliza: nauli ya kushuka? Nauli ya mjukuu wa kunishika mkono? Tutalala wapi, kwa kuwa bandeji inafunguliwa kesho yake? Nani atalisha mbuzi? Na kurudi tena kuangaliwa, je? Upasuaji una mfadhili Ulaya. Nauli ya mjukuu haina mfadhili. Hapo ndipo kopo la dukani linapofanya kazi, na linafanya wiki hiyo hiyo.

Wenzetu wa Rotary, klabu nyingine za hisani kama zetu, wana habari nzuri ya kuwapa moyo wenye mifuko midogo. Mfuko wao, ambao leo unahesabiwa kati ya mifuko mikubwa ya hisani duniani, ulibuniwa mwaka 1917, na mchango wake wa kwanza ulitoka klabu ya Kansas City: dola 26 na senti 50.

Mnada wenu unaendaje? Niliona jogoo mmoja akiuzwa mara tatu.

Uliona sawa. Mnada tumeuazima makanisani, ambako kila Mchagga ameukuta tangu utoto. Watu wanaleta walichonacho: mkungu wa ndizi mshare, papai, mayai kwenye trei, kuku, sukari, keki, shati ambalo halijavaliwa. Mnadishaji anasimama na kuanza chini, "Elfu tano naipata wapi?", na anawajua watu kwa majina ya utani, hicho ndicho kipaji chenyewe. Mtu akipanda hadi elfu ishirini, anamgeukia shemeji yake aliyekaa kimya nyuma: "Shemeji, unaacha jogoo aende Kibosho?"

Jogoo akishanunuliwa, mnunuzi ana njia tatu. Anaweza kwenda naye. Anaweza kumzawadia mtu, mara nyingi mzee au mgeni. Au anasema "namrudisha", na jogoo anaingia mnadani upya. Mara zote tatu pesa imelipwa, na kila mauzo yana stakabadhi yake. Katika daftari utakuta mistari mitatu yenye jogoo mmoja. Mkaguzi wetu wa kwanza alidhani tumemhesabu kimakosa. Tulimwalika mnadani akarudi nyumbani na mikungu miwili.

Sheria yetu moja ngumu: bidhaa haitoki mezani kabla pesa haijaingia. Mnadani watu wana mori, na mori unaisha wakifika kwenye gari.

Vipi kuhusu ahadi?

Ahadi tunaandika, hatuhesabu. Tukitangaza kiasi kilichopatikana tunataja taslimu na iliyothibitishwa kwenye simu au benki. Ahadi inatajwa peke yake, na inakumbushwa kwa ujumbe mmoja baada ya wiki mbili, mwingine mwisho wa mwezi. Baada ya hapo tunaifuta. Mji huu ni mdogo. Tutakutana msibani, na si vizuri mtu akikuona akumbuke deni. Kamati za harusi zina subira kutushinda.

Yale makopo ya madukani yanafunguliwa na nani?

Kila kopo lina namba, lakiri ya karatasi yenye sahihi, na jina la duka kwenye orodha yetu. Siku ya kukusanya, watu wawili wasio wa familia moja wanalichukua likiwa limefungwa na kumwachia mwenye duka kopo jipya. Linafunguliwa kwenye meza moja mbele ya watu wasiopungua watatu, na anayehesabu siye anayeandika.

Kinachotoka humo ni elimu. Sarafu za 50 na 100 ndizo nyingi, za 200 kiasi, za 500 chache, na noti za elfu zilizokunjwa hadi zikawa kama vidonge, ambazo lazima uzifungue kwa kucha. Kuna vifungo vya mashati. Kuna karatasi za maombi: "niombeeni nipate kazi". Hizi tunazisoma, ingawa hatuna safu ya kuziandika. Kiasi kinatajwa kwa sauti, kinaandikwa, wote watatu wanasaini, na mwenye duka anatumiwa ujumbe wa kiasi kilichotoka kwenye kopo lake. Ujumbe huo ndio unaofanya akubali kopo lingine.

Kupeleka ndoo ya sarafu benki ni kuwakera walio nyuma yako kwenye foleni. Tunawauzia chenji makonda wa daladala na wenye maduka, shilingi kwa shilingi, halafu tunaweka benki noti. Makonda wanatusubiri.

Nikituma kwa simu, nitume na ya kutolea?

Usitume. Tumia Lipa Namba iliyo kwenye bango la meza. Pesa hiyo hatuitoi kwa wakala, inahamia benki moja kwa moja, na makato ya kuihamisha yanalipwa na akaunti ya wanachama. Kabla hujaweka namba ya siri, simu itakuonyesha jina. Likiwa ni jina la mtu badala ya jina la klabu, acha hapo hapo. Tangu tozo za miamala zilipoanza Julai 2021 watu wamekuwa wakihesabu makato kuliko mchango wenyewe, na hatuwalaumu. Ndiyo sababu ya kuyabeba makato sisi.

Nimepata ujumbe: "Ule mchango wa macho tuma kwenye namba hii." Ni ninyi?

Si sisi. Ni ndugu wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Klabu haiombi mchango kwa ujumbe kwa mtu asiyetujua, na haina namba ya mtu binafsi ya kupokelea. Namba hiyo itume kwenda 15040 kama TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanavyoelekeza, kisha mwambie mwanachama yeyote, ili tutangaze kabla shangazi yako hajatuma.

Mnachaguaje wa kumsaidia?

Hatuchagui kwa kuangalia nguo. Wagonjwa wa hospitali wanatufikia kupitia ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye kazi yake ni kujua nani kweli hana. Wa vijijini wanapitia zahanati na mtendaji wa kijiji. Wanafunzi wanapatikana kwenye upimaji shuleni.

Upimaji wenyewe ni jambo la kupendeza kulitazama. Tunaomba ruhusa kwa Mganga Mkuu na kwa mkurugenzi, tunakubaliana siku na mwalimu mkuu. Tunapima mita 6 kwa futi ya kamba na kubandika chati ya herufi E iliyogeuzwa kila upande. Mtoto anaziba jicho moja kwa kiganja, bila kulibonyeza, na kwa mkono mwingine anaonyesha miguu ya E inaelekea wapi. Huhitaji kujua kusoma. Anayekosea mstari fulani anapelekwa kwa mtaalamu wa macho. Sisi hatuandikii mtu miwani. Kila mara anajitokeza mmoja ambaye mwalimu alishatuambia ni mzembe, hanakili ubaoni. Akifika kwenye kamba anaona ile E kubwa ya juu, basi.

Mwanachama mwenye ndugu anayehitaji msaada anatoka nje ya kikao wakati wa uamuzi.

Nina miwani ya zamani ya marehemu baba. Mnapokea?

Fremu tunapokea, na tunashukuru. Klabu za Lions duniani zina jina kubwa kwa kukusanya miwani iliyotumika. Hata hivyo, nitasema ninachoamini, ingawa si wote klabuni wanakubali: kwa mzee wa miaka hamsini anayetaka kusoma Biblia au Kurani yake, miwani mipya ya kusomea kutoka dukani ni nafuu kuliko kuosha ya zamani, kupima nguvu zake kwa mashine, na kutafuta mtu ambaye macho yake yote mawili yanalingana nayo. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, lete hela ya miwani mipya. Ya baba kaa nayo.

Kwa nini hamchezeshi bahati nasibu? Mngepata haraka.

Kwa sababu michezo ya kubahatisha nchini inasimamiwa na sheria ya mwaka 2003 na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na tiketi za kuuzia watu mtaani zinataka kibali hata kama zawadi ni blenda. Zaidi ya hapo, nusu ya majirani zetu dini yao haiwaruhusu. Mnada unawaingiza wote.

Mbona hamweki picha za wagonjwa mliowasaidia?

Tunaweka picha za pilau. Bibi aliyefunguliwa bandeji asubuhi, machozi yanamtoka, hayuko katika hali ya kukubali au kukataa kupigwa picha na watu waliomlipia nauli. Atasema ndiyo kwa heshima. Kwa hiyo ndiyo yake siku ile hatuihesabu. Akitaka, tunampiga akirudi kuangaliwa, na anapewa nakala. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 jambo hili si la adabu peke yake, maana taarifa za afya ya mtu zina ulinzi mkali. Wafadhili wachache wametulalamikia kuhusu picha. Tumewapa hesabu badala yake.

Diwani wetu anataka kuchangia milioni moja, ila akabidhi mwenyewe.

Karibu sana kwenye mnada, anunue jogoo. Tunapokea pesa ya mwanasiasa kama ya mtu mwingine: stakabadhi, jina kwenye orodha, asante. Hotuba hatuna nafasi, na miezi ya kampeni hatupokei kabisa. Wenzetu wa Kenya waliona harambee zilivyogeuka majukwaa ya kushindana kutoa, hadi Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ikawawekea watumishi wa umma mipaka ya kuchangisha. Sisi hatutaki kufika huko.

Nina mgonjwa wa figo. Mnaweza kutuchangia?

Pole sana. Matibabu ya muda mrefu yanatuzidi, na tukianza tutamwacha mgonjwa njiani, jambo ambalo ni baya kuliko kutokuanza. Tutakuunganisha na ofisa ustawi wa jamii na kukusaidia kuandika barua.

Naweza kuona mahesabu?

Ndiyo. Baada ya kila shughuli tunabandika karatasi moja mahali ilipofanyika, ndani ya siku saba: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, kimekwenda wapi. Duka, kanisa, msikiti, shule, popote palipotupa nafasi. Mwisho wa mwaka mtu asiye mwanachama anakagua vitabu. Ukitaka daftari lenyewe, njoo kwenye mkutano na uulize. Ila ukikuta kosa la shilingi hamsini, usicheke. Tumeshalitafuta usiku mzima.

Sisi ni kikundi cha vijana, tunataka kuanza kuchangisha kwa ajili ya shule yetu. Tuanzie wapi?

Msianze na jina wala fulana. Anzeni na jambo moja lenye bei: madawati mangapi, fundi kasema shilingi ngapi. Watu wanachangia kitu wanachoweza kukihesabu, na "maendeleo ya elimu" hakihesabiki.

Kisha ruhusa. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata mkajitambulishe. Kwa shule, mkuu wa shule na kamati yake. Mkitaka matembezi barabarani, polisi wapewe taarifa mapema. Mkipika, ofisa afya ajue. Mkikusudia kudumu, sajilini: jumuiya kama zetu ziko kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, mashirika yasiyo ya kiserikali yana msajili wao na sheria yao ya mwaka 2002. Kuanzisha klabu mpya ya Lions kunataka wanachama waanzilishi wasiopungua 20, na sharti hilo linawashinda wengi. Si lazima muwe Lions ili mfanye jambo jema.

Nunueni kitabu cha stakabadhi chenye namba zilizochapwa na nakala ya kaboni. Ndicho kitu cha kwanza cha kununua, na mkinunue kwa pesa yenu. Fungueni akaunti yenye watia sahihi watatu, wawili wakitosha kutoa, na wasiwe mtu na mkewe. Shughuli ya kwanza iwe ndogo kiasi kwamba ikifeli hamtakosana: chai na maandazi baada ya ibada inatosha. Bandikeni hesabu hata kama mmepata elfu arobaini. Hasa kama mmepata elfu arobaini, kwa kuwa watu watajua kwamba pesa ndogo pia mnaiandika.

Na mpangie mtu wa kupeleka barua za shukrani. Sisi tulimpa mwanachama mwenye pikipiki.

Sina hela, lakini nina kuku. Mnapokea?

Tunapokea, kwa mikono miwili. Mlete siku ya mnada kabla ya saa nne asubuhi, miguu imefungwa vizuri, na useme kama ni mtetea au jogoo, kwa sababu mnadishaji wetu ameshawahi kukosea mbele ya watu. Utapewa stakabadhi iliyoandikwa "kuku 1", na mnada ukiisha utaambiwa amefika shilingi ngapi.